Harusi ya Agosti, bahari ya kusi

Somo,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kisauni, Mombasa. Nimezaliwa kisiwani Kudhaa, Somalia. Mwaka 1992, wakati wa vita, nikiwa na miaka mitatu, wazazi wangu walinipakia mashuani tukakimbilia Mombasa, tukakaa katika kambi ya wakimbizi ya Jomvu. Sijarudi tena. Mume wangu naye ni wa Kudhaa, na mama yake yuko hukohuko. Sasa shemeji yangu, kitinda mimba wa mavyaa, anaoa Agosti hii, na harusi ni kisiwani. Tarehe aliipanga wifi yangu aliye Leicester kwa sababu ndipo shule za Uingereza zinapofungwa, na yeye ndiye anayelipia sehemu kubwa ya gharama.

Mtoto wangu wa kwanza ana miaka sita, wa pili mitatu, na wa mwisho miezi mitano. Mavyaa hajawaona hawa wawili wadogo. Ameniambia kwenye simu kwamba nisipokwenda na wajukuu wake wote watatu, basi hata siku akifa nisiende. Baba watoto anasema, "Sisi Wabajuni tutaogopaje bahari?" Akishasema hivyo, mazungumzo yamekwisha.

Somo, naogopa bahari, naogopa maji ya kunywa na, nikisema kweli, naogopa jiko pia. Harusi ya mwisho ya ukoo, iliyofanywa Malindi, nilimenya vitunguu siku mbili mtoto akilia mgongoni. Bado nikaambiwa watoto wangu hawana adabu, kwa kuwa walikataa kubebwa na mashangazi wasiowajua. Nikikataa safari hii nitaitwa mringaji. Nifanyeje?

Mama Watatu, Kisauni

Mwanangu,

Nitaanza na tarehe, maana naona kila mtu katika nyumba yenu anaujadili moyo wako na hakuna anayeujadili upepo.

Agosti ni kusi. Kudhaa iko kusini mwa Kismayo, kwa hiyo boti itokayo Kismayo msimu huo inakwenda kukabiliana na upepo na mawimbi uso kwa uso. Boti la faiba lenye mashine halipandi wimbi likateremka taratibu. Hupiga chini kwa kishindo, likainuka, likapiga tena. Mtu mzima hushuka kiuno kikimuuma. Mtoto ambaye Agosti atakuwa na miezi saba, shingo yake bado changa, hana la kushika isipokuwa wewe, na wewe huna mkono wa kujishikia. Hilo si suala la woga. Zamani za matanga, kusi ilipofikia kilele vyombo vilivutwa pwani vikangoja, na waliovivuta walikuwa Wabajuni hasa, watu waliosifika kwa vyombo vyao vya mitepe kabla nyanya zetu hawajazaliwa. Mwambie baba watoto kwamba ukoo wake ulijulikana kwa kuijua bahari, na sehemu moja ya kuijua ni kutambua miezi ya kukaa nyumbani.

Simlaumu wifi yako. Huko Uingereza mzazi akimtoa mtoto shuleni katikati ya muhula bila ruhusa anaweza kutozwa faini ya pauni 80, na faini hiyo ni kwa kila mtoto na kwa kila mzazi. Ana sababu ya kuitaka Agosti. Lakini kuna Desemba. Shule za Kenya zimefungwa. Za Uingereza hufungwa kama wiki mbili, na wiki mbili zinatosha harusi. Wiki hizo za Desemba 2026 zinaangukia Rajabu, mwezi ambao hakuna mzee atakayeunung'unikia, na Ramadhani bado iko mbali, Februari. Kaskazi itakuwa ndiyo kwanza inaanza, na boti itokayo Kismayo itakwenda upepo ukiwa mgongoni. Mtoto wako mdogo atakuwa na miezi kumi na moja, na atakuwa amepata chanjo ya kwanza ya surua, ambayo Kenya hutolewa akitimiza miezi tisa. Agosti angesafiri bila hiyo, aingie katika nyumba iliyojaa watoto kutoka kila kisiwa.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza ni hili: harusi isogezwe, na anayeomba isogezwe si wewe. Ni baba watoto. Mke wa mwana akisema tarehe mbaya, anaringa. Mwana akisema, ni ushauri. Azungumze na dada yake kwanza, kwa kuwa yeye ndiye mwenye tiketi, kisha wawili hao wampigie mama yao pamoja. Wala asimwambie kwamba mke wake anaogopa. Amwambie kwamba anataka wajukuu wote watatu wafike wazima, na kwamba Agosti si nyinyi peke yenu mtakaopigwa na mawimbi, bali hata wageni wengine wote watakaopandia Kismayo. Mavyaa ameishi kisiwani, anaijua kusi kuliko sisi sote. Nadhani kimya chake kuhusu tarehe ni adabu tu kwa binti anayeleta pauni.

Sasa bahari yako. Umeandika mstari mmoja kuhusu 1992 ukaupita haraka, nami nimerudi kuusoma. Vyombo vilivyowatoa watu visiwani na Kismayo miaka ile vilijazwa kupita kiasi, na wako waliopanda wasifike. Umekulia katika nyumba ambamo safari hiyo inasimuliwa, au ambamo haisimuliwi kabisa, jambo ambalo kwa mtoto huwa zito zaidi. Baba watoto anapokuuliza Mbajuni ataogopaje bahari, anazungumzia bahari ya ngisi na kamba. Wewe unazungumzia nyingine. Mweleze hivyo, usiku mmoja watoto wakishalala, bila kutaja harusi. Huenda naye ana lake la mwaka ule ambalo hajawahi kukuambia.

Kuna jambo hukuliandika nami sina budi kuliuliza: mna karatasi gani? Kama nyote wawili mna vitambulisho vya Kenya, kila mtoto atahitaji pasipoti yake mwenyewe, hata huyo wa miezi mitano, na maombi yake yanataka idhini ya wazazi wote wawili. Anzeni sasa. Lakini kama mmoja wenu bado anaishi kwa hati ya ukimbizi, simameni kwanza. Mkimbizi akirudi katika nchi aliyoikimbia, hata kwa harusi, anaweza kuulizwa kwa nini bado anahitaji hifadhi. Mshauriane na Idara ya Huduma za Wakimbizi au UNHCR kabla ya kukata tiketi yoyote. Wifi naye ajiangalie: ile hati ya kusafiria wanayopewa wakimbizi Uingereza haimruhusu mtu kurudi katika nchi aliyotoka. Kama ameshapata pasipoti ya Uingereza, ni habari nyingine.

Njia ya mpakani ya Kiunga na Ras Kamboni, hata kama binamu fulani atakwambia ni karibu na ni rahisi, iache. Desemba 2024 majeshi ya jimbo la Jubaland na ya serikali ya Somalia yalipigana pale Ras Kamboni, na barabara za bara upande ule si za kupita na watoto. Nendeni kwa ndege hadi Kismayo, mlale kwa jamaa usiku mmoja au miwili, mtoto wa miaka mitatu apumzike, kisha ndipo mtafute boti. Wiki ya safari pigieni simu wazee wa Kudhaa, muulize hali ya bahari na hali ya bara. Wakisema ngojeni, ngojeni. Hapo ndipo faida ya kutoka mapema inapoonekana.

Botini, jaketi la kuokolea maisha la mtu mzima halimfai mtoto. Huchomoka kichwani akigusa maji. Yako ya watoto, ya kupimwa kwa uzito. Nunueni Mombasa, msitegemee la nahodha. Mdogo mbebe kifuani, mikononi. Usimfunge kwa leso mgongoni kama ulivyozoea, kwa sababu chombo kikipinduka hutaweza kumfungua. Mmuulize nahodha maji yatajaa saa ngapi Kudhaa, mfike yakiwa yamejaa, la sivyo mtashushwa mbali na kutembea kwenye tope na miamba, kila mmoja na mtoto begani. Dawa ya kichefuchefu usimpe mtoto yeyote kabla ya kumwuliza daktari. Wa miaka sita mkalishe nyuma, aangalie upeo wa macho.

Kuhusu maji ya kunywa, hofu yako ina msingi. Visima vya visiwani vingi vina chumvi, na watu hutegemea mvua na jabia. Maji yote ya watoto yachemshwe, hata kama yanaonekana meupe. Wa miezi kumi na moja aendelee na ziwa lako, ndilo salama kuliko kitu chochote mtakachobeba. Chukua pakiti za chumvi za kuharisha. Zikiisha, lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, si vya mlima. Beba vyandarua vyenye dawa, na kadi za kliniki zikaguliwe kama chanjo za polio zimetimia, maana virusi vya polio vimekuwa vikizunguka Somalia tangu 2017. Hayo muuguzi wa kliniki yenu atakueleza vizuri kuliko mimi.

Nije jikoni. Naona hapa ndipo barua yako inapotokea hasa.

Katika harusi zetu mke wa mwana hana kiti. Mgeni hukaa akaletewa. Binti wa nyumba huamrisha. Wewe si huyu wala yule, kwa hiyo kila anayepita na karai la vitunguu anakuona una mikono mitupu, hata kama mikono yako imebeba mtoto. Malindi hukuonewa na mtu mmoja. Hakuna aliyekupangia kazi, basi ukapewa zote. Safari hii iombe kazi yako mapema, kwa simu, kwa mavyaa mwenyewe, tena iwe kazi ya heshima ya kufanywa mtu amekaa: vikuba vya maua na tambuu. Mwambie, "Mama, vikuba vya wageni na sinia la tambuu niachie mimi." Hiyo ni kazi inayoonekana na kila mwanamke anayeingia, mtoto anaweza kulala mapajani ukiifanya, na ukishaitwa mwenye vikuba hakuna atakayekuita kwenye vitunguu. Mavyaa atapenda. Mkwe anayeomba kazi ni adimu.

Na mfike mapema. Siku kumi kabla, ikiwezekana, hata kama baba watoto atalazimika kufuata baadaye kwa sababu ya kazi. Mtoto wa miaka mitatu hakatai shangazi. Anakataa uso aliouona mara ya kwanza asubuhi hiyohiyo, uliojaa hina na manukato, unaomnyakua kutoka kwa mama yake huku akichekwa. Akimzoea nyanya yake nyumba ikiwa bado tulivu, na mashangazi wawili watatu wa kumpikia uji, siku ya harusi atabebwa na yeyote. Kuanzia sasa mavyaa awatumie sauti yake kwenye simu kila jioni, awaite kwa majina yao. Wa miaka sita usimwogopee adabu, mwogopee maji: siku ya pili atakuwa ameshapotea pwani na wenzake, basi mteulie binamu mmoja mkubwa, kwa jina, wa kumtazama. Usiku wa vugo, wanawake watakapopita vichochoroni wakipiga pembe mpaka usiku mkubwa, wadogo walale nyumba ya jirani, si nyumba ya harusi. Panga nyumba hiyo kabla hujafika, na panga nani atakaa nao, ili nawe upate walau wimbo mmoja.

Je, wifi akisema tiketi za Agosti zimeshakatwa na hazirudi? Basi baba watoto aende peke yake, Mbajuni asiyeogopa bahari. Huyo wa miaka sita abaki nawe pia. Mtu mzima mmoja akishughulika na harusi ya ndugu yake hatamchunga mtoto botini wala pwani. Nyinyi wanne mwende Desemba, kaskazi ikianza, bwana na bibi harusi wakiwa wametoka fungate zamani, nyumba ikiwa na nafasi na mavyaa akiwa na muda. Hili nalo alitamke mwanawe, kabla ya Agosti, pamoja na tarehe ya ndege ya Desemba, ili mama asisikie "hawaji" bali asikie "wanakuja lini". Na usimtume mumeo mikono mitupu. Mpe leso ya mavyaa, uliyoichagua wewe, aishike mkononi: mabegi yanayowekwa chini ya boti msimu wa kusi hufika yamelowa chapachapa.