Waimbaji wa Wales na Fedha za Msaada

Wasomaji wetu wa Bendera, pamoja na jirani zao wa Kihurio na Ndungu, wajua vema kazi ya kwaya. Leo twapenda kuwaeleza habari za kwaya za wanaume za nchi ya Wales, iliyo upande wa magharibi wa Uingereza katika kisiwa kilekile. Kwaya hizo huimba kwao na hata ng'ambo, na mara nyingi fedha zinazopatikana hupewa wenye shida.

Katika mabonde ya kusini ya Wales watu wengi walikuwa wachimbaji wa makaa ya mawe. Kazi hiyo ilikuwa ya giza na ya hatari: mwaka 1913 mgodi wa Senghenydd ulilipuka, wakafa wachimbaji 439. Jioni, baada ya kazi, wanaume hao walikutana kuimba kwa sauti nne, yaani tenori mbili, baritoni na besi. Kwaya ya Pendyrus, ya bonde la Rhondda, ilianzishwa mwaka 1924, wakati ambapo wengi wa waimbaji wake hawakuwa na kazi.

Wengi hawakujua kusoma noti za mistari mitano. Walijifunza kwa herufi za do, re, mi, ambazo mchungaji wa Kiingereza, John Curwen, alizieneza katika karne ya 19 baada ya kuifuata njia ya mwalimu mwanamke, Sarah Glover wa mji wa Norwich. Mwalimu wa kwaya aandikaye d, r, m ubaoni hapa Upare atumia chombo kilekile. Kililetwa Afrika ya Mashariki na wamisionari, nacho hakihitaji kinanda wala fedha. Ubao na chaki vyatosha, pamoja na subira (na subira ndiyo iliyo adimu, kama walimu wajuavyo).

Sasa tuje kwenye habari ya fedha. Asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 1966, katika kijiji cha Aberfan, kilima cha taka za mgodi kilichorundikwa juu ya chemchemi kililowa kwa mvua, kikaporomoka juu ya shule na nyumba. Walikufa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Watu wa Same hawahitaji kuelezwa msiba wa namna hiyo, kwani Novemba 2009 mlima uliporomoka Goha, huko Mamba Miamba, ukaua watu zaidi ya 20.

Watu wa nchi nyingi walichanga kuwasaidia wa Aberfan, hata zikapatikana pauni zaidi ya milioni moja na nusu. Lakini vilima vingine vya taka vilikuwa bado vimesimama juu ya kijiji, na gharama ya kuviondoa ilipaswa kulipwa na wenye migodi na Serikali. Mwaka 1968 pauni 150,000 zilichukuliwa katika mfuko wa wafiwa kwa kazi hiyo. Sisi twaliona jambo hilo kuwa la aibu kubwa: mtu alitoa shilingi yake kwa mama aliyefiwa, nayo ikalipa deni la mwingine. Serikali ilizirudisha pauni hizo 150,000 mwaka 1997, bila faida ya miaka 29 iliyopita; na mwaka 2007 Serikali ya Wales iliongeza pauni milioni mbili.

Baada ya msiba wanaume wa hapo waliunda kwaya, jina lake Ynysowen. Waliosaidiwa na walimwengu wakawa waimbaji wa kuwachangia wengine.

Hata kwetu Afrika ya Mashariki jambo hili si geni. Mwaka 1984 kwaya ya watoto wa Uganda, wengi wao yatima au maskini kwa sababu ya vita, ilipelekwa Amerika ya Kaskazini kuimba ili wapatikane wa kuwasaidia. Twakiri kwamba safari za watoto zahitaji uangalifu zaidi kuliko za wazee wenye ndevu, maana mtoto hawezi kusema amechoka.

Basi kwaya ya Bendera ikitaka kwenda kuimba Same au Tanga ili shule ipate bati, yafaa kwanza itangaze fedha ni za nini. Nauli na chakula cha waimbaji viandikwe mbali, visichanganywe na michango. Fedha zihesabiwe mbele ya watu wawili au watatu wasiokuwa wa kwaya, palepale kabla ya kuondoka. Na bati zikiisha kupigwa, hesabu ibandikwe mlangoni mwa shule, hata kama zimebaki shilingi mia tano.