Mifupa Iliyohifadhiwa na Majivu

Mtu achimbaye kisima karibu na Kapkatet hukuta kwanza udongo mwekundu uendao chini sana, kisha mwamba mgumu wa kijivu. Mwamba huo huitwa fonolaiti, maana yake jiwe lenye mlio, kwa kuwa kipande chake kikigongwa hulia kama chuma. Ni lava, yaani mawe yaliyoyeyuka kwa moto, yakafurika juu ya nchi ya Kericho zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita, kisha yakapoa. Udongo wa chai ni mwamba huo huo uliooza kwa mvua nyingi.

Lakini huko Fort Ternan, kaskazini ya mji wa Kericho, katikati ya lava yamelala mashapo: majivu ya volkano ya Tinderet pamoja na udongo wa kale, tabaka juu ya tabaka. Umri wake ni karibu miaka milioni 14. Bwana Fred Wicker aliona mifupa katika shamba lake, na Dk. L. S. B. Leakey akaenda kuchimba. Mwaka 1961 kilipatikana kipande cha taya la juu la nyani wa kale asiye na mkia, naye Leakey akamtangaza mwaka 1962 kwa jina la Kenyapithecus wickeri, kwa heshima ya mwenye shamba. Walionekana pia jamaa za twiga na za paa. Mmoja wao huitwa Kipsigicerus, yaani pembe ya Kipsigis. Wenyeji wa Bureti wana haki ya kujivuna kidogo.

Kwa nini mifupa ilidumu huko? Sababu ni chokaa. Majivu ya Tinderet yalikuwa na chokaa nyingi, na mfupa nao umejengwa kwa chokaa. Basi haukuoza, bali uligeuka jiwe polepole. Udongo wa chai ni mchachu, maana mvua imeosha chokaa yake. Mchai huupenda uchachu huo, lakini mfupa wa ng'ombe ukifukiwa humo huliwa mpaka ukaisha.

Kwa hiyo mchimba mawe akutapo chini ya lava tabaka laini lenye vipande vizito vya umbo la mfupa au jino, asivivunje wala kuviondoa. Sheria ya urithi ya mwaka 2006 yamtaka atoe habari kwa Makumbusho ya Taifa. Mfupa ukiisha kutolewa katika tabaka lake bila mahali pake kuandikwa, ni vigumu mno kujua tena umri wake.