Vihesabio vya Mtoto Nyumbani

SWALI: Mwanangu ametimiza miaka 5, nasi twakaa Karatu. Je, ni lazima ninunue vihesabio vya dukani?

JIBU: La hasha, bibi. Maadamu nchi yenu ni ya ngwara, mbaazi na mahindi, na ghala aghalabu haikosi punje, anza na ngwara nyeusi, ambayo kwa mstari wake mweupe humvutia mtoto aitazame moja moja badala ya kuichota ovyo.

Lakini punje pekee hazimfahamishi thamani ya kumi; kwa hiyo mimi nafadhilisha vijiti vilivyokatwa urefu mmoja na kufungwa kumi kumi kwa uzi, ili siku atakayotoa 7 katika 12, alifungue fungu kwa mkono wake mwenyewe, aone dhahiri kwamba kumi ni moja mara kumi. Akikomaa, mpe bao, lenye mashimo 32 na kete 64.

Tahadhari moja nakusihi: mbegu za mbarika, ijapokuwa madoa yake yapendeza, zina sumu kali, zisikaribie mikono yake kabisa, na mdogo wake, akiwapo, asiachwe peke yake na punje, asije akazitia puani.