Gari Jipya Limegongwa: Nani Analipa Nini, na Lini?

Siku ya kununua gari kila mtu hukuuliza bei. Hakuna anayekuuliza kama umeweka kando pesa za ekses. Halafu wiki ya tatu, uko kwenye foleni Thika Road au unarudi nyuma polepole kwenye maegesho ya supamaketi, unasikia mlio ambao hakuna mwenye gari anapenda kuusikia. Bampa imeingia ndani, taa moja imepasuka, na namba ya gari bado inang'aa kwa upya.

Swali la kwanza ambalo wengi hujiuliza ni "fundi gani mzuri?" Hilo ni swali la nne au la tano hivi. Kabla ya fundi kuna simu za kupiga na hesabu ya kufanya, na kuna pesa ambazo hufai kutuma mapema. Ukibadilisha mpangilio, unaweza kulipa kitu ambacho bima yako ingelipa.

Angalia kwanza una bima gani

Kwa sheria ya Kenya, Sura ya 405, huwezi kuendesha gari barabarani bila bima ya mtu wa tatu. Lakini bima hiyo inawalinda watu wengine unaoweza kuwaumiza. Gari lako mwenyewe haligusi. Ili gari lako litengenezwe unahitaji bima kamili, ile tumezoea kuita komprehensivu.

Hapa ndipo wenye magari mapya hunaswa. Wengine hutoka yadi na bima ya mwezi mmoja ya mtu wa tatu pekee, wakisema watapanga ile kubwa mwisho wa mwezi. Wengine hulipa komprehensivu kwa awamu, na cheti kinaisha tarehe ambayo wameisahau. Kampuni ya bima hairuhusiwi kubeba hatari yako kabla hujalipa ada, kwa hivyo "nilikuwa nilipe Ijumaa" haitakusaidia kama ajali ilitokea Alhamisi.

Kitu kingine cha kuangalia ni matumizi yaliyoandikwa kwenye mkataba. Kama umeandikisha gari la matumizi ya kibinafsi halafu ukaliweka kwenye programu ya teksi kujaribu kulipia mkopo, dai lako linaweza kukataliwa hata kama kosa lilikuwa la dereva mwingine kabisa. Badilisha bima kabla ya kumbeba abiria wa kwanza. Ni ghali zaidi, ndiyo, lakini gari lisilo na bima ndilo ghali kabisa.

Hesabu ya ekses

Ekses ni sehemu ya hasara unayobeba wewe kabla bima haijaanza kulipa. Kwa kawaida huhesabiwa kama asilimia ya thamani ya gari, na kuna kiwango cha chini ambacho hakishuki. Tuseme gari lako limewekewa bima ya KSh 2,000,000 na mkataba wako unasema ekses ni asilimia 2.5. Hiyo ni KSh 50,000 kutoka mfukoni mwako.

Sasa angalia ajali mbili. Ya kwanza, matengenezo ni KSh 180,000. Unatoa 50,000, bima inatoa 130,000. Hapo dai lina maana. Ya pili, matengenezo ni KSh 58,000. Unatoa 50,000, bima inatoa 8,000, halafu mwaka ujao unapoteza punguzo wanalopewa wateja ambao hawajadai. Kwa ajali kama hii ya pili, watu wengi huona afadhali kujilipia wenyewe, na mimi naona wako sawa. Lakini hata ukiamua kujilipia, ripoti ajali kwa kampuni yako ya bima ikiwa kuna gari au mtu mwingine aliyehusika. Mtu aliyesema "niko sawa tu" leo anaweza kuja na wakili mwezi ujao, na kampuni itakuuliza kwa nini haikuambiwa.

Soma pia maandishi madogo kuhusu dereva. Mikataba mingi huongeza ekses kama aliyekuwa kwenye usukani ni kijana au ana leseni ya juzi tu. Kabla ya kumpa ndugu yako mdogo funguo aende kununua maziwa, ni vizuri ujue hayo maziwa yanaweza kufika bei gani. Kampuni nyingi huuza nyongeza ya kufidia ekses, unalipa ada kidogo zaidi mwanzoni na ukipata ajali hutoi kitu, au unatoa kidogo. Kwa gari la thamani kubwa ni nyongeza ya kufikiria. Kioo cha mbele mara nyingi kina kiwango chake peke yake, kwa hivyo jiwe likikipasua usikimbilie kulipa kabla ya kuuliza.

Pale barabarani

Hakikisha hakuna aliyeumia. Kisha piga picha nyingi kabla magari hayajasongezwa, ikiwa ni salama: namba za magari yote, alama za barabara, uharibifu kwa karibu na kwa mbali. Chukua jina la dereva mwingine, namba yake ya simu, leseni, na jina la kampuni yake ya bima. Ajali iripotiwe polisi haraka iwezekanavyo, ndani ya saa 24, na uombe abstrakti ya polisi. Bila abstrakti dai lako halitaenda mbali.

Usikubali kosa, na usiahidi kulipa. Sisemi udanganye. Mikataba ya bima huwa na sharti kwamba mteja asikiri lawama wala kufanya mapatano bila kampuni kujua. Unaweza kumwambia mwenzako pole bila kumwambia "mimi ndiye niliyekosea, nitakutengenezea".

Lakini tunajua Kenya. Mara nyingi dereva mwingine atakuvuta kando na kukuambia, "Bro, tuelewane tu hapa, polisi watatuchelewesha." Shida ni kwamba macho hayaoni kilicho nyuma ya bampa. Magari ya siku hizi yana sensa, kamera na mabano ya plastiki ambayo huvunjika ndani huku nje kukiwa na mkwaruzo tu. Elfu kumi uliyopokea kwa furaha haitatosha hata sensa moja. Na ukishapokea pesa za "kumaliza maneno", kampuni yako ya bima inaweza kushindwa kumdai mwenye kosa.

Ukiamua kuelewana kwa jambo dogo kweli, pesa zipite kwa simu, si noti mkononi, na muandikiane ujumbe unaosema pesa ni za nini, namba za magari yote mawili na tarehe. Subiri ujumbe rasmi wa muamala kwenye simu yako na uangalie salio, si kuonyeshwa skrini ya simu yake. Kuna watu pia hutuma, wakaondoka, halafu wakaomba muamala urudishwe wakidai walikosea namba. Yale maandishi ndiyo yatakayokutetea.

Gari likiwa haliwezi kutembea, pigia kampuni ya bima kwanza uulize wanatumia brekdauni gani. Zile zinazotokea zenyewe dakika tano baada ya ajali, hata hujui nani alizipigia, zinaweza kukutoza pesa zaidi ya kiwango ambacho bima yako itarudisha. Ukilazimika kuitumia, kubalianeni bei na mahali gari linapopelekwa kabla mnyororo haujafungwa.

Usiguse gari mpaka lionekane

Hii ndiyo sehemu inayowagharimu watu zaidi. Gari ni jipya, unaona aibu kuliendesha likiwa limebonyea, kwa hivyo unalipeleka kwa fundi wako wa siku zote Jumamosi, Jumatatu ndiyo unaita bima. Umechelewa. Kampuni inatuma mkadiriaji wa hasara, asesa, aone gari likiwa vile ajali ililiacha. Ukishalitengeneza hakuna cha kukadiria.

Mpangilio uko hivi: unaripoti, unajaza fomu ya dai, unapeleka nakala za leseni, kitambulisho, logibuku na abstrakti. Asesa anakagua. Kampuni inatoa idhini kwa maandishi. Ndipo fundi anashika spana.

Kuhusu gereji, kampuni huwa na orodha ya zile inazofanya kazi nazo. Kama gari lako ni jipya kabisa kutoka kwa muuzaji rasmi na bado lina waranti, sema hivyo mapema na uombe kazi ifanyike kwenye gereji inayotambuliwa na muuzaji huyo, kwa sababu waranti inaweza kupotea likifunguliwa kwingine. Lakini wengi wetu "gari jipya" ni lile limetoka Japani, tena linaweza kuwa na umri wa hadi miaka 8, kwa sababu hapo ndipo sheria ya Kenya inaweka mpaka. Hapo swali ni vipuri. Uliza kama gereji itaweka kipya cha kampuni ya gari, kipya cha kuiga, au kilichotumika kutoka Japani. Kirinyaga Road kuna taa za kila aina na bei ya kila aina, na mbili zinaweza kufanana kabisa mpaka mvua ya kwanza iingie ndani. Omba aina ya kipuri iandikwe kwenye makadirio.

Bampa ikishatolewa, mara nyingi fundi hugundua uharibifu zaidi. Asiendelee kimya kimya. Asesa arudi au atumiwe picha, aandike ripoti ya nyongeza, la sivyo tofauti itakuwa yako.

Kama kosa ni la mwingine

Una njia mbili. Unaweza kudai kwa bima yako, nayo ikamfuata mwenye kosa pamoja na ekses yako, au ukadai moja kwa moja kwa bima yake ukitumia abstrakti. Njia ya pili huokoa punguzo lako lakini huwa ndefu. Kumbuka kwamba sheria inalazimisha bima ya vifo na majeraha ya watu wengine. Uharibifu wa mali hutegemea mkataba wa yule aliyekugonga na kiwango kilichowekwa humo. Kwa gari la bei, ningeanza na bima yangu.

Pesa zikianza kutembea

Mtu akikupigia simu, "Natoka kampuni ya bima, tuma ekses kwa namba hii leo gari liachiliwe," usitume. Haijalishi kwamba anajua namba ya gari lako, namba hiyo ilionekana na kila mtu pale barabarani. Ekses hulipwa kwa gereji au kwa kampuni, kulingana na barua ya idhini, kwa namba ya Paybill au Till yenye jina la biashara. Jina likitokea kwenye simu, lisome kabla ya kuweka PIN. Likiwa la mtu binafsi, simama hapo na upigie kampuni kwa namba iliyo kwenye mkataba wako, si ile aliyokupa mpigaji. Pesa zikishatolewa na aliyezipokea, kuzirudisha ni kazi ngumu sana.

Kwenye nafasi ya akaunti andika namba ya dai au namba ya gari. Usifute ujumbe wa muamala, na chukua taarifa kamili ya miamala ya miezi hiyo uiweke pamoja na risiti. Gereji ikidai amana, ilipe kwa njia hiyo hiyo na upewe risiti yenye mhuri.

Kama gari lilinunuliwa kwa mkopo, ambia benki mapema. Gari likionekana halifai kutengenezwa, fidia ya bima kwa kawaida huenda kwa benki kwanza, na wewe unapata kilichobaki kama kipo. Kampuni hulipa thamani ya soko wakati wa ajali kukiwa kumetolewa ekses, si bei uliyonunulia, na mabaki ya gari huwa yake. Hapo utahitajika kuhamisha umiliki kupitia akaunti yako ya eCitizen.

Wakikuzungusha

Sheria ya Bima inaipa kampuni siku 90 tangu dai liripotiwe kulipa, mradi umetoa ushahidi unaotakiwa. Kwa hivyo andika tarehe ya kila kitu unachopeleka na uombe wakupokelee kwa barua pepe. Wakinyamaza, au wakakataa kwa sababu usiyoielewa, omba sababu kwa maandishi na upeleke malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Peleka ukiwa na karatasi, si hasira pekee.

Siku ya kuchukua gari, enda mchana. Chini ya taa za gereji rangi mbili tofauti zinaweza kuonekana moja. Linganisha mlango uliopakwa na ule wa jirani yake, washa taa zote, rudi nyuma usikie kama sensa zinalia, endesha dakika kumi kwenye barabara yenye matuta. Watakupa karatasi ya kusaini kwamba umeridhika. Ukishaisaini, gereji inalipwa na hoja yako inadhoofika, kwa hivyo kama kuna kitu hakijakaa sawa, kiandike hapo hapo juu ya sahihi yako, au uache gari mpaka kesho.