Siku ya Kuchagua Kamati ya Skuli

Leo twataka kuzungumza khabari ya jambo ambalo wengi hulidhani dogo, nalo ni siku na saa ya kuwachagua watu wa kamati ya skuli. Watu hubishana sana juu ya nani achaguliwe. Ni wachache wanaouliza wachaguzi watakuwa nani. Nao hujulikana tangu karatasi ya mwito inapobandikwa mlangoni, kwani ukishataja siku na saa umekwisha kuwataja watakaokuja na watakaokosa.

Tuanze na tuliyoyaona wenyewe. Katika skuli moja ya upande wa mashariki ya Unguja, ambayo hatutaitaja jina, tuliitwa kuandika mukhtasari wa mkutano wa wazee. Mwito ulisema saa 4 ya asubuhi. Watoto wa skuli ile walipita 400. Wazee waliokuja tuliwahesabu 23, na katika hao wanawake walikuwa 4. Mikono ikainuliwa, majina yakaandikwa, dua ikasomwa, na kabla ya adhuhuri kila mtu alikwenda zake. Tulipotoka nje tukatazama pwani, tukaiona sababu. Maji yalikuwa yametoka mpaka karibu na mwamba, na wanawake wa mji ule walikuwa kule chini, wameinama katika mashamba yao ya mwani. Ilikuwa siku ya bamvua.

Kamati iliyochaguliwa ilikuwa ya watu wema, wala hatuna neno juu yao. Walakini mchango wa mwaka ule ulipopatikana walijenga ukuta wa kuzunguka kiwanja cha mpira, na choo cha wasichana kikabaki bila mlango. Haikuwa khiana. Katika chumba kile hapakuwa na mtu ambaye binti yake hutoka darasani saa 3 kwenda haja nyumbani asirudi tena siku ile. Au kama alikuwapo, hakuambiwa, maana mambo hayo binti humwambia mama yake, na mama alikuwa pwani.

Wako watakaosema kwamba kamati ya skuli haina kazi kubwa, kwa kuwa walimu na mishahara yao hutoka Serikalini, na elimu ilitangazwa kuwa bure hapa Zanzibar tangu tarehe 23 Septemba 1964. Hayo ni kweli, lakini kila mtu wa shamba ajua jinsi vyumba vingi vya skuli zetu vilivyojengwa: wananchi hutoa mchanga, mawe na nguvu zao, wakasimamisha kuta, kisha Serikali ikaja kuezeka na kumaliza. Ni nani huamua kuta zisimame wapi, na mchango utumike kwanza kwa nini? Bara nako, ulipoanza mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi mwaka 2002, kamati za skuli zilipewa kusimamia fedha za ruzuku na ujenzi. Mahali penye fedha na saruji, haifai kusema kamati ni jina tu.

Basi sasa tujifunze khabari ya maji, na walio pwani watatusamehe, maana wao wayajua kuliko sisi makarani. Bamvua huja mara mbili kila mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Anayeijua tarehe ya mwezi wa Kiislamu hana haja ya kitabu cha maji. Tangu mwezi 1 mpaka 4 hivi, na tangu 15 mpaka 18 hivi, maji hujaa sana na hukauka sana, na katika bahari yetu ukavu huo huangukia asubuhi, baina ya saa 4 na saa 6. Mwezi 8 mpaka 10, na 22 mpaka 24, ni maji mafu. Maji hayaendi mbali, vigingi vya mwani havitoki juu, na mkulima wa mwani yuko nyumbani. Kilimo hiki cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na tangu mwanzo kimekuwa mikononi mwa wanawake zaidi kuliko wanaume. Wachokoaji pweza nao hufuata bamvua hiyo hiyo. Kwa hiyo mwalimu mkuu anayeandika “saa 4, mwezi 16” amewafungia mlango nusu ya wazee, naye hakukusudia. Ameandika saa 4 kwa kuwa ndiyo saa ya kazi yake.

Wanaume nao wana nyakati zao. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, asubuhi wamelala. Waendao dago hukaa wiki nyingi mbali na kwao. Mahali penye mikarafuu, wakati wa mavuno hakuna mtu wa kumwita. Katika mashamba ya mpunga, masika yakishika haifai kuita mkutano wo wote wa asubuhi. Ijumaa haifai, na mwezi wa Ramadhani haufai. Mjini kwetu bahari haihusiki. Mwenye duka au meza Darajani hufunga jioni, na kwake saa nzuri ni baada ya sala ya isha. Hapana siku moja iliyo njema kwa Unguja nzima, na hiyo ndiyo sababu ya kutaka kila skuli ipange siku yake kwa kuutazama mji wake, wala isingoje tarehe moja iliyoandikwa kwa wote.

Msomaji mmoja alituuliza: Kama mtu ana haki ya kuja, naye asije, je, si kosa lake? Tutamjibu kwa khabari za nyumbani. Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria hapa Zanzibar ulifanywa Julai 1957, kwa viti 6, na wanawake hawakupiga kura kwa sababu sheria haikuwaruhusu. Walipiga mara ya kwanza Januari 1961. Katika uchaguzi huo kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa kura moja tu, na vyama viwili vikubwa vikatoka na viti 10 na 9, hata haikuwezekana kuunda serikali imara, uchaguzi ukarudiwa mwezi wa Juni. Tazama basi uzito wa kura moja. Sheria ya 1957 iliwatoa wanawake kwa maneno. Leo hapana maneno hayo, lakini mwito wa saa 4 siku ya bamvua huwatoa vile vile, tena pasipo mtu wa kulaumiwa.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Katika Marekani kila wilaya ya skuli kwa desturi ina halmashauri yake iliyochaguliwa, na mahali pengi uchaguzi wake ulifanywa siku yake peke yake, mbali na uchaguzi mkuu wa Novemba. Waliokuja walikuwa wachache. Los Angeles, katika uchaguzi wa Machi 2015, alikuja kama mtu mmoja katika kila kumi walioandikishwa. Na siku hiyo hiyo hao wachache walikubali kwamba tangu 2020 chaguzi za mji na za skuli zifanywe pamoja na chaguzi kubwa. Mwanachuoni Sarah Anzia, katika kitabu alichokitoa mwaka 2014, ameonyesha kwamba siku ya peke yake huwapa nguvu wale ambao jambo lenyewe ni riziki yao, kama vyama vya walimu, kwani wao hawakosi kuja. Jimbo la New Jersey, kwa sheria ya Januari 2012, liliziachia wilaya khiari ya kuhama kutoka Aprili mpaka Novemba. Lakini wilaya iliyohama haikuwa tena na lazima ya kuwapelekea wananchi hesabu yake ya mwaka waipigie kura, maadamu kodi haikupita kiasi kilichowekwa. Watu walipata siku nzuri zaidi, wakapoteza kura juu ya fedha. Anayebadili siku yafaa aulizwe ni nini kingine kinachobadilika pamoja nayo.

Je, nasi tuiunganishe kamati ya skuli na uchaguzi mkuu wa Oktoba, ili watu wawe wengi? Twasema hapana, na kwa nguvu. Siku ya uchaguzi mkuu watu wetu huja kwa ajili ya vyama, na mzee wa mtoto atageuka kuwa mtu wa chama mbele ya mlango wa darasa. Katika machafuko ya Juni 1961 walikufa watu 68, na miaka ile kulikuwa na watu wa mji mmoja wasiouziana wala kuzikana. Tena uchaguzi wa tarehe 25 Oktoba 2015 ulifutwa, ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016; kamati ya skuli iliyofungwa na siku hiyo ingalingoja miezi mitano bila mtu wa kutia saini ya kununua chaki. Na iwe mbali na siasa, lakini iwe siku ambayo watu wako nyumbani.

Kuna na wakati wa mwaka. Mahali pengine huchagua mwaka wa masomo unapokwisha, na hapo wazee ambao watoto wao wanatoka huwachagulia wazee ambao watoto wao ndio wanaoingia. Twaona ni bora wiki ya sita au ya saba baada ya skuli kufunguliwa, mama wa mtoto mpya akiwa amekwisha kuijua njia ya skuli na jina la mwalimu.

Namna ya kuchagua nayo ni muhimu kama siku yenyewe. Mikono huinuliwa mbele ya sheha, mbele ya mwenye duka tunayemdai au anayetudai, na mbele ya mume. Kenya walijaribu jambo kama hilo mwaka 1988, katika uteuzi wa wagombea wa chama cha KANU, wapiga kura walipopangwa mstari nyuma ya wamtakaye. Watu waliuita mlolongo. Mahali pengine mstari mfupi ulitangazwa kuwa ndio mrefu, na mistari ikishatawanyika hapakuwa na kitu cha kuhesabu mara ya pili. Siku hizi sheria yao ya elimu ya msingi ya mwaka 2013 yataka katika halmashauri ya skuli wawemo watu 6 waliochaguliwa kuwa wawakilishi wa wazazi.

Kura ya siri haihitaji karatasi nzuri wala mtu ajuaye kusoma. Pazia moja, mikebe yenye picha za wanaotaka kuchaguliwa, na punje za kunde, zatosha. Na hapa twataka kuonyesha hila moja njema ya Uingereza. Walipoanzisha halmashauri za skuli kwa sheria ya 1870, kila mchaguzi alipewa kura kwa hesabu ya viti. Kama viti ni 7, kura ni 7, naye alikuwa huru kuzigawa au kuzilundika zote kwa mtu mmoja. Hivyo hata watu wachache wakikubaliana walipata mjumbe. Wanawake waliolipa kodi ya mji waliweza kupiga kura na kuchaguliwa, ingawa kura ya Bunge hawakuipata mpaka 1918. Na Novemba 1870, katika mtaa wa Marylebone, London, tabibu Elizabeth Garrett alipata kura zaidi ya 47,000 akawashinda wanaume wote. Fikiri sasa mji mrefu kama Jambiani, ulioenea kando ya pwani kwa vitongoji vingi. Kitongoji kidogo cha mwishoni, ambacho watoto wake hutembea zaidi, kwa mikono hakitapata mtu milele. Kwa punje 5 za kunde kila mzee, na ruhusa ya kuzitia zote katika mkebe mmoja, kitapata.

Turudi katika skuli ile ya mashariki. Muda wa kamati ulipokwisha tuliitwa tena, na safari hii mwalimu mkuu alikuwa amekwenda kwanza kuwauliza wanawake wa mwani, kisha akaandika: mwezi 9, saa 10 ya alasiri, na mkutano utakwisha kabla ya magharibi. Wazee 118 walikuja, na madawati hayakutosha. Mama mmoja alisimama kabla hata ajenda haijasomwa, akamwambia Bwana Sheha kwa adabu: “Sheha, tuwieni radhi, mwaka ule hatukukataa kuja. Mlituita na bamvua.” Watu wakacheka, na Sheha akacheka nao. Kisha akauliza, mlango wa choo cha wasichana ni shilingi ngapi, na fundi wa mji ule, ambaye mkewe alikuwa amekaa mstari wa mbele, akasema mbao anazo nyumbani.