Bima ya SHA kwa Familia Yenye Mgonjwa wa Muda Mrefu: Uanzie Wapi?

Wakazi wengi wanaofika katika madawati ya usajili huuliza swali moja: kuna bima gani maalum ya serikali kwa mgonjwa wa figo, wa saratani, au mtoto mwenye ulemavu? Jibu huwashangaza. Hakuna kadi ya pekee ya kununua kwa ajili ya ugonjwa fulani. Tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ichukue nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, kila mkazi anasajiliwa chini ya mpango mmoja, wenye hazina 3 ndani yake. Kinachobaki kwa familia kuchagua ni mlango wa kuingilia, nani aandikwe chini ya nani, na mchango ulipwe lini. Makosa katika mambo hayo ndiyo huleta bili kubwa.

Hazina ya kwanza ni ya Afya ya Msingi. Inagharimiwa na serikali, na mkazi aliyesajiliwa hatozwi mchango wowote ili kuitumia. Kazi yake hufanyika katika zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3: kupimwa presha na sukari, dawa za kawaida, kliniki ya wajawazito, chanjo. Ya pili ni Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii, ambayo wengi huiita SHIF. Hii ndiyo inayolipiwa mchango, na hutumika katika hospitali za ngazi ya 4 hadi ya 6 kwa kulazwa, upasuaji, kujifungua, kusafishwa damu na matibabu ya saratani. Ya tatu ni Hazina ya Dharura, Maradhi Sugu na Mahututi. Kwa maradhi ya muda mrefu, hii hufunguka baada ya kiwango cha SHIF kumalizika. Haiombwi kama bima ya kando. Mgonjwa huifikia kwa kupitia SHIF, na asiyelipa mchango wa SHIF hukwama kabla ya kuifikia.

Dharura ina sheria yake. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Aliyegongwa na bodaboda au anayeishiwa pumzi hapaswi kuachwa nje ya lango eti hadi mchango uonekane.

Sasa tuzitazame hazina hizi kupitia nyumba moja ya mfano. Baba ni fundi viatu sokoni. Mama ana kisukari na presha kwa miaka mingi, na sasa daktari amemwambia figo zimechoka na atahitaji kusafishwa damu. Kijana wao wa kwanza ana miaka 28, ana mtindio wa ubongo tangu kuzaliwa na hulishwa na kuvishwa na mama. Binti yao ana miaka 23, alimaliza chuo mwaka jana na anasukana nywele saluni.

Kwa miaka yote ambayo mama alikuwa na presha na sukari tu, mlango wake sahihi ulikuwa kituo cha afya kilicho karibu. Wengi huruka hatua hii, wakiamini hospitali kubwa ina dawa bora. Anayekwenda moja kwa moja hospitali ya ngazi ya 5 kwa kipimo cha sukari hujikuta akitoa pesa mfukoni kwa huduma ambayo kituo cha afya kingempa bila malipo. Isitoshe, mgonjwa anayepimwa kila mwezi karibu na nyumbani hugunduliwa mapema figo zinapoanza kulegea. Mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji hicho ana kifaa cha kupima presha katika mkoba wake. Anaweza kumsajili mtu kwa SHA akiwa hapo hapo nyumbani.

Kusafishwa damu ni jambo jingine. Katika viwango vya mwaka 2025, SHA hulipia shilingi 10,650 kwa kila kikao. Mgonjwa anayesafishwa mara 2 kwa wiki hufika vikao 104 kwa mwaka, ambavyo ni shilingi 1,107,600. Hakuna fundi viatu anayeweza kutoa pesa hizo. Mchango wake je? Asiye na mshahara hufanyiwa tathmini ya uwezo wa nyumba nzima, kisha hutakiwa kulipa asilimia 2.75 ya mapato yaliyokadiriwa, isipungue shilingi 300 kwa mwezi. Nyumba ikikadiriwa kupata shilingi 20,000 kwa mwezi, mchango ni shilingi 550, au 6,600 kwa mwaka. Mwenye mshahara hukatwa asilimia hiyo hiyo na mwajiri kila mwezi.

Hapa ndipo familia nyingi huteleza. Mchango wa asiye na mshahara hulipwa kwa mwaka mzima, wala si mwezi mmoja wakati wa ugonjwa. Fundi aliyezoea kulipa NHIF mwezi kwa mwezi anaweza kufika hospitali na shilingi 550 mkononi na kuambiwa bado. Kwa wasioweza kutoa fedha zote mara moja, kuna mpango wa Lipa SHA Pole Pole, unaomruhusu mtu kugawa malipo kidogo kidogo. Nyumba yenye mgonjwa wa figo isingoje mchango uishe ndipo ianze kutafuta wa mwaka ujao. Vikao vya kusafishwa damu havisubiri. Ni vyema tarehe ya kuisha iandikwe ukutani, pembeni ya tarehe za kliniki.

Maswali ya tathmini yajibiwe kwa ukweli na mtu anayeijua nyumba vizuri. Mara nyingi simu huachiwa kijana wa jirani, naye hubonyeza majibu ya kukisia. Baadaye familia inashangaa kupewa mchango mzito. Aliyepewa kiwango kisicholingana na hali yake aende ofisi ya SHA akaulize kabla ya kukata tamaa na kuacha kulipa.

Turudi kwa kijana wa miaka 28. Kwa kawaida mtoto huhesabiwa mtegemezi hadi miaka 21, au 25 akiwa bado anasoma. Lakini mtu mwenye ulemavu anayemtegemea mchangiaji kwa kila kitu na kuishi naye hubaki mtegemezi hata akiwa mtu mzima. Wazazi wengi hawajui hili. Wengine humsajili kijana kama mtu mzima anayejitegemea, kisha wanatakiwa kumlipia mchango wa pili. Ili ulemavu wake utambulike, apelekwe kufanyiwa tathmini ya kitabibu katika hospitali iliyoidhinishwa, kisha asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Usajili huo una faida nje ya bima pia. Ndio unaomwezesha kuomba vifaa kama kiti cha magurudumu. Mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji kuangaliwa saa zote anaweza pia kuombewa Inua Jamii, ambayo hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kupitia mlezi wake.

Binti wa miaka 23 ndiye aliye hatarini zaidi, ingawa ni mzima. Ameacha chuo, kwa hiyo si mtegemezi tena, na yeye anadhani bado yuko chini ya baba. Anapaswa kuwa na usajili wake na mchango wake. Jambo hili lina uzito hasa penye saratani katika ukoo. Katika viwango vya 2025, nyumba moja hutengewa shilingi 400,000 kwa mwaka kutoka SHIF kwa matibabu ya saratani, na 150,000 zaidi kutoka hazina ya maradhi sugu. Kiasi hicho ni cha nyumba, si cha kila mtu. Mama na baba wakiugua mwaka mmoja, wanagawana. Binti aliye na usajili wake ana kiwango chake mwenyewe. Viwango hubadilishwa kwa tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali, kwa hiyo mgonjwa aulize cha sasa kabla ya kupanga matibabu.

Kuna jambo la kuulizia mapema: je, hospitali ina mkataba na SHA kwa huduma hiyo hasa? Hospitali inaweza kulaza wagonjwa wa SHA na isiwe na mashine za kusafisha damu. Huduma kama hizi huhitaji idhini kabla ya kuanza, na idhini huombwa na hospitali. Mgonjwa anayehamishwa kutoka kaunti moja hadi nyingine abebe barua ya rufaa, majibu ya vipimo na kitambulisho.

Fundi wetu, basi, afanye nini wiki hii? Kwanza apige *147# kwa simu yake aangalie majina yaliyo chini yake: mke yupo, na kijana je? Akikuta jina la kijana halipo, apeleke kitambulisho chake na cheti cha kuzaliwa cha kijana ofisini. Binti ajisajili kwa namba hiyo hiyo jioni ya leo; haichukui muda. Mchango wa mwaka ulipwe au uanzishwe pole pole kabla ya tarehe ya kikao cha kwanza. Na kama mapato hayatoshi hata shilingi 300, aende kwa chifu au kwa mhamasishaji wa afya aulizie orodha ya wasiojiweza, ambao sheria inaruhusu serikali iwalipie. Bili ikibaki hata baada ya hazina zote kutumika, aombe kuonana na afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani.