SOMO KWA WAMAMA: UKAVU BAADA YA KUKOMA HEDHI, NA MASHINI INAYOPIMA ULAINI WA MWILI

Mwanamke akifikia miaka 45 hata 55, kwa kawaida hedhi yake hukoma. Ikiwa miezi 12 imepita bila damu, tunasema imekoma kabisa. Hali hii si ugonjwa wala si laana.

Lakini mwili unabadilika. Ovari, yaani viungo vidogo vinavyotunza mayai ya uzazi, hazitoi tena homoni nyingi ya estrojeni. Homoni hiyo ndiyo iliyolinda uke uwe laini, wenye unyevu na wenye kunyumbuka. Ikipungua, ngozi ya ndani inakuwa nyembamba na kavu. Mama anasikia kuwashwa, ao kuchomwa akikojoa, ao maumivu akilala na bwana wake. Wengi wanaona haya na kunyamaza. Bwana naye anafikiri amekataliwa, na amani ya nyumba inapotea.

Je, mashini inaweza kupima ugumu na ulaini wa mwili? Ndiyo. Iko ekografi ya namna nyingine, inayoitwa elastografi. Ukifinya embe kwa vidole, unajua kama limeiva. Elastografi inafanya vile kwa sauti isiyosikiwa na sikio. Sauti hiyo inasukuma nyama ya mwili kidogo sana, na mtetemo unapita ndani. Penye nyama ngumu mtetemo unakwenda mbio. Penye nyama laini unakwenda polepole. Mashini inapima mbio hiyo. Haikati, wala haitumii mionzi ya eksirei.

Waganga wamezoea kuitumia kwa ini na matiti. Kwa uke wangali wanaichunguza. Basi, mama, usingojee mashini. Mwuguzi ao mganga wa hospitali anaweza kutambua ukavu kwa kukuuliza na kukutazama. Dawa iko: ya kulainisha, na ya estrojeni inayotiwa ukeni kwa agizo la mganga. Usitie majani wala sabuni.

ANGALIA SANA: Damu ikitoka tena baada ya hedhi kukoma, hata tone moja, nenda hospitali upesi. Mara nyingi si kansa, lakini yaweza kuwa kansa ya tumbo la uzazi ao ya mlango wake. Ikionekana mapema, yaweza kutibiwa.

MASWALI
1. Kwa nini uke unakauka?
2. Mtetemo unakwenda mbio penye nyama gani?
3. Mama akiona damu tena, afanye nini?